Sifongo Katika Chupa

Katika maabara ya shule ninayofundisha, juu ya rafu iliyo karibu na dirisha, kuna chupa ya mdomo mpana yenye spiriti, na ndani ya spiriti kuna kitu kinachofanana na kipande cha mkate uliolowa. Mgeni akikiona mara ya kwanza hudhani ni uchafu uliosahauliwa. Wanafunzi wapya huniuliza ni kitu gani, nami huwajibu kwamba ni sifongo, mnyama wa bahari, aliyetolewa katika mwamba wa Msambweni mwezi wa Machi mwaka 2018. Kwa kawaida maneno yangu huishia hapo. Lakini chupa hiyo ina habari ndefu kuliko hiyo, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimo katika habari hiyo kwa sehemu nisiyojivunia, nimeona heri niiandike yote kuliko kuendelea kuisimulia nusu nusu.

Mimi si mtu wa bahari kwa kuzaliwa. Wazee wangu ni wakulima wa upande wa vilima vya Shimba, mahali ambapo bahari huonekana siku za hewa safi kama uzi wa buluu chini ya mbingu, wala haimhusu mtu. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapelekwa kufundisha elimu ya viumbe katika shule moja iliyo baina ya Ukunda na Msambweni, nilijua majina ya Kilatini ya samaki ambao watoto wa darasa langu waliwajua kwa ladha. Jambo hili lilinitia haya. Katika kuiondoa haya hiyo nikaanza kwenda pwani siku za bamvua, wakati maji yanapokupwa hata mwamba ukatokeza mgongo wake, na mtu akaweza kutembea kwa miguu mahali palipopitwa na ngalawa saa chache kabla yake.

Sijui kama msomaji wangu amewahi kuutembelea mwamba wa kusini katika saa hiyo. Wanawake huinama wakichokoa pweza katika mashimo kwa vyuma vyao. Watoto hufuata nyuma na vikapu. Vidimbwi vya maji vilivyosalia hung'aa kama vioo vilivyotupwa ovyo. Wavuvi wa makamo hukueleza kwamba mwamba wa leo si ule wa utoto wao, kwa maana mwaka 1998 maji yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi yakapauka na kufa, na sehemu nyingine hazijarudia hali yake. Hata hivyo ukigeuza jiwe mahali pa kivuli utaona uhai umejibandika chini yake: wekundu kama pilipili iliyoiva, manjano, zambarau, mweusi wa lami. Wengi wa viumbe hao ni sifongo.

Sifongo ni mnyama wa ajabu. Hana kinywa, hana jicho, hana moyo, wala hana ubongo, hata uzi mmoja wa neva hana. Kazi yake ni kuyapitisha maji mwilini mwake kwa vitundu visivyohesabika, usiku na mchana, na kula chembe zilizomo. Hawezi kukimbia. Samaki akija kumtafuna, au jirani akitaka kumfunika na kumnyang'anya mahali, hana ngumi wala mwiba wa kutosha. Kwa sababu hiyo aina nyingi za sifongo hujilinda kwa sumu. Nyingine hutengeneza wenyewe, nyingine hutengenezewa na bakteria wanaoishi mwilini mwao. Wataalamu walipolitambua jambo hili walianza kujiuliza: sumu inayozuia seli za adui zisikue, je, haiwezi kuzuia seli za saratani?

Swali hilo ndilo nililolipeleka darasani, kidato cha pili, mwezi wa Februari 2018, kaskazi ikiwa bado inavuma na madirisha yakigongagonga. Niliwasimulia habari za mtaalamu wa kemia aliyeitwa Werner Bergmann, aliyekusanya sifongo katika maji ya Florida, Marekani, mwaka 1945. Ndani ya sifongo mmoja alikuta vitu vinavyofanana sana na zile herufi ambazo kila seli huzitumia kuandika urithi wake, ila sukari iliyomo haikuwa ile ya kawaida. Ni mfano wa herufi ya uongo. Seli inayogawanyika kwa pupa huiokota na kuitia katika maandishi yake, na maandishi hukwama. Kwa kufuata mfano huo wakemia walitengeneza dawa ya saitarabini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1969, na mpaka leo hutumika kutibu saratani ya damu.

Somo lilikwenda vizuri. Mwalimu huhisi darasa linapomsikiliza, kama mvuvi anavyohisi mshipi ukivutwa, na siku ile nilihisi. Basi nikatiwa kiburi na ukimya wao, nikanyosha mkono dirishani kuelekea baharini nikasema, "Watoto wangu, dawa ya saratani imo baharini. Huenda iko pale Msambweni mnapopakanyaga kila siku." Neno "huenda" nilitamka kwa sauti ya chini. Neno "imo" nilitamka kwa sauti iliyofika ukuta wa nyuma. Kengele ikalia, nikafunga kitabu changu, nikaenda kunywa chai.

Penye ukuta wa nyuma alikuwa akiketi kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Nilijua tu kwamba alikuwa mtoto wa mvuvi wa Mkunguni, pwani ya Msambweni, na kwamba tangu mwaka uanze alikuwa na tabia ya kusinzia darasani. Mara mbili nilikuwa nimemkemea kwa kusinzia huko.

Nisichokijua ni hiki. Tangu mwezi wa Desemba baba yake alikuwa akiamka alfajiri na maumivu ya kichwa yaliyompoa jua likipanda. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Alitaka kasia, akasema, "Nipe mwezi," akakasirika alipoona hapewi. Siku moja akirudi kutoka bahari kuu aliukosa mlango wa mwamba alioupita tangu ujana wake, na kama mwanawe asingaliushika usukani ngalawa ingalivunjika. Juma lile lile alianguka mchangani kwa kifafa mbele ya watu waliokuwa wakigawana samaki. Wako waliosema ni pepo wa bahari aliyeudhiwa. Wako waliosema ni kijicho cha watu. Mimi siwacheki. Mtu akisahau jina la kasia lake mwenyewe, jirani zake hawana budi kutafuta neno la kulielezea jambo hilo, nao hutumia neno walilo nalo.

Jamaa zake walimpeleka hospitali, na hatimaye akapigwa picha ya kichwa. Ulionekana uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, upande ambao kwa watu wengi ndio unaotunza maneno. Daktari alieleza kwamba kwa sura yake aliudhania kuwa glioblastoma, saratani ya ubongo iliyo kali kuliko nyingi, na kwamba lazima mgonjwa apasuliwe bila kukawia. Alipewa siku ya kufika Nairobi, katikati ya mwezi wa Machi. Ukoo ulichanga fedha, mbuzi wakauzwa, na siku ikangojewa.

Katika kungojea huko ndipo nilipofundisha somo langu la sifongo.

Mwezi wa Machi, jioni moja, kijana alinifuata maabara wenzake walipokwisha kuondoka. Mkononi alikuwa na chupa iliyokuwa na asali zamani, na ndani yake kipande cha sifongo katika maji ya chumvi. Aliiweka mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Mwalimu," akasema, "naomba unitazamie. Ni huyu, au nimekosea aina?"

"Huyu wa nini?"

"Wa ile dawa."

Nilidhani ni swali la mtoto mwenye bidii, nikaanza kutabasamu. Akaendelea: "Namchemsha asubuhi na jioni, yapata majuma mawili sasa. Baba anatapika, na midomo imemchubuka. Nafikiri nimekosea aina."

Ndipo akanisimulia yote niliyoyaandika juu. Nilimsikiliza nimesimama, na nilipoweza kusema nilimwuliza, "Na safari ya hospitali?"

"Siku yake ilikuwa juzi. Baba wakubwa walisema tusiende kupasuliwa kichwa kabla ya kuijaribu dawa ya mwalimu."

Hivyo ndivyo ilivyoitwa nyumbani kwao: dawa ya mwalimu.

Tulikwenda pamoja jioni ile ile, kwa matatu mpaka Msambweni na kwa miguu mpaka pwani. Njiani sikuwa na la kumwambia, naye hakunilaumu. Aliishika chupa yake kifuani kama mtu aliyebeba taa kwenye upepo. Baba yake alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba uani, mtu mpana wa mabega, ametazama upande wa maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nilimweleza mbele ya mkewe na ndugu zake kwamba nilisema darasani jambo lisilokuwa kweli. Nilisema kwamba dawa ile ya sifongo ilikuwa ya ugonjwa wa damu, si wa uvimbe wake. Kwamba hakuna mgonjwa aliyepata kuponywa kwa kunywa sifongo aliyechemshwa. Kwamba alichokuwa akinywa ni sumu isiyojulikana kwa kipimo kisichojulikana. Na kwamba siku iliyopita ilipitishwa kwa kosa langu. Kaka yake mkubwa aliinamisha kichwa. Mgonjwa alikawia kujibu, maana kila neno alilazimika kulitafuta kwanza.

"Nilijua," akasema mwishowe. "Sumu ya... ya pale, naijua. Lakini mtoto ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ningemwambia nini?"

Mama wa kijana akaniuliza, "Kwa hiyo, mwalimu, haponi?"

"Sijui, mama," nikamjibu. "Najua tu kwamba hii haitamponya."

Ilichukua simu nyingi na siku nyingi kupata nafasi nyingine. Kwa jumla majuma matatu yalipotea. Mwezi wa Aprili niliwasindikiza kuvuka kivuko cha Likoni mpaka stesheni ya Miritini, wakapanda gari moshi kwenda Nairobi. Mzee alipasuliwa, akapewa mionzi na vidonge, akarudi Msambweni amenyolewa nywele upande mmoja. Kama majuma yale matatu yalimpunguzia kitu, sikuambiwa. Nilimwuliza daktari mmoja baadaye, akanijibu kwamba hakuna awezaye kusema. Lilikuwa jibu la haki, lakini halikunipa usingizi.

Katika kukosa usingizi nikasoma, na nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuona jinsi sentensi yangu ya dirishani ilivyokuwa nyepesi.

Kwanza, ile dawa ya saitarabini yenyewe haikukamuliwa kutoka kwa sifongo. Bergmann alitoa mfano tu. Dawa ilitengenezwa maabara kwa kuufuata mfano huo na kuubadili. Kati ya sifongo wa Florida na sindano ya hospitali ilipita miaka 24. Habari nyingine iliyo karibu na kwetu zaidi ni ya konokono wa bahari asiye na kombe la nje, mnyama mlegevu anayetambaa penye majani ya bahari. Mwaka 1972 jopo la mtaalamu George Pettit wa Arizona lilimkusanya mnyama huyo pwani ya Mauritius, katika Bahari yetu ya Hindi. Kupata kiasi kidogo mno cha sumu yake kulihitaji wanyama wengi mno, na umbo la sumu yenyewe halikutangazwa mpaka mwaka 1987. Ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa haikufaa vya kutosha. Wakemia wakaunda ndugu yake, wakamfunga na chembe ya kinga inayoitambua seli ya saratani, mfano wa mshale unaomjua mnyama wake, na mwaka 2011 ikaruhusiwa kuwa dawa ya aina moja ya saratani ya tezi. Miaka 39! Tena ilikuja kugunduliwa kwamba konokono hakuwa mwenye sumu. Alikuwa akiila katika viumbe vidogo vya kijani anavyovichuma majini. Na kijana wangu alikuwa akichagua sifongo kwa rangi.

Pili, ubongo si kiungo kama viungo vingine. Mwishoni mwa karne ya 19 Paul Ehrlich wa Ujerumani alitia rangi katika damu ya wanyama, na viungo karibu vyote vikapata rangi isipokuwa ubongo. Edwin Goldmann, aliyewahi kufanya kazi naye, akafanya kinyume mwaka 1913: alitia rangi katika maji yanayouzunguka ubongo, nao ubongo ukapata rangi na mwili ukabaki kama ulivyo. Ikadhihirika kwamba baina ya damu na ubongo kuna mpaka. Sasa tunajua kwamba mpaka huo ni seli za kuta za mishipa midogo ya damu, ambazo ndani ya ubongo zimeshikana kama mbao za jahazi zilizotiwa kalafati vema. Hupitisha sukari na hewa, huzuia vitu vingi vingine. Ni kinga njema kwa mtu mzima na balaa kwa mgonjwa, kwa sababu dawa nyingi zinazoua seli za saratani penginepo hugonga mlango huo zikarudi. Hata kama kikombe cha sifongo kingalikuwa na kitu cha kufaa, kingalipita tumboni, katika ini na katika damu, halafu kikasimama nje ya ubongo. Glioblastoma nayo haikai mahali pamoja kama jiwe katika embe. Hutuma seli zake mbali ndani ya nyama nzima ya ubongo kama mizizi, na mpasuaji hawezi kuing'oa yote pasipo kumng'oa mtu mwenyewe.

Dawa aliyopewa mzee wetu pamoja na mionzi huitwa temozolomidi. Uwezo wake ulithibitishwa kwa utafiti uliotangazwa mwaka 2005: wagonjwa waliopata mionzi peke yake, nusu yao walikuwa hai baada ya miezi 12.1; waliopata mionzi na vidonge, nusu yao walikuwa hai baada ya miezi 14.6. Nilipozisoma hesabu hizo mara ya kwanza nilikasirika. Miezi miwili na nusu! Nikajiuliza kama hiyo ndiyo dawa waliyouziwa mbuzi wote wale.

Sasa niseme habari ya tatu, ambayo ndiyo iliyonipata zaidi, maana kwa muda iliniahidi kwamba pengine sikuwa mwongo sana. Wataalamu William Fenical na Paul Jensen, wa taasisi ya Scripps huko California, walitafuta viumbe mahali ambapo wengi hawakutafuta, katika matope ya chini ya bahari. Katika matope ya visiwa vya Bahama walipata bakteria waliowaita Salinispora, na mwaka 2003 wakatangaza kitu chenye nguvu kubwa kilichotoka kwao. Kila seli ya mwili ina kinu cha kusaga protini zilizochakaa ili zisirundikane. Kitu hiki hukwama katika meno ya kinu. Seli ya saratani, inayofanya kazi kwa haraka na kutoa takataka nyingi, husongwa na takataka zake yenyewe ikafa. Kilipewa jina la marizomibu, na sifa yake iliyowafurahisha watu ni hii: kilivuka ule mpaka wa ubongo. Katika sahani za maabara kiliziua seli za glioblastoma. Kwa wanyama kilionyesha nguvu. Kwa wagonjwa wachache wa kwanza kilionekana chaweza kuvumilika. Mwaka 2018, mwaka ule ule wa chupa yangu, ulianzishwa utafiti mkubwa katika nchi za Ulaya na Kanada: wagonjwa 749, waliogawanywa kwa kura, nusu wakapewa matibabu ya kawaida, nusu wakaongezewa marizomibu.

Nilimwambia kijana habari za utafiti huo, na safari hii nilitamka "huenda" kwa sauti kamili. Akaandika jina la dawa nyuma ya daftari lake.

Baba yake alikufa mwezi wa Julai 2019, kusi ikivuma kwa nguvu na ngalawa zote zikiwa nchi kavu. Alikuwa ameishi miezi kumi na mitano tangu apasuliwe. Nilihudhuria maziko, nikasimama nyuma.

Kijana alimaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Aprili 2021, mtihani ulipokwisha cheleweshwa na maradhi ya Korona. Katikati ya mwaka ule alikuja shuleni akiwa na simu mkononi. Matokeo ya utafiti yalikuwa yametangazwa. Tuliketi maabara, kila mtu juu ya kigoda chake, tukayasoma pamoja. Waliopata matibabu ya kawaida, nusu yao waliishi miezi 17.0. Walioongezewa marizomibu, nusu yao waliishi miezi 16.5. Tena wale wa pili waliteseka zaidi: wengine waliyumba katika kutembea, wengine waliona vitu visivyokuwapo.

Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata ile halisi haikufaa?"

"Kwa uvimbe ule, haikufaa."

"Na wao walikuwa na mashine zote, na madaktari wote."

"Naam."

"Walijua namna gani kwamba haikufaa?"

Nikamweleza juu ya kura, na juu ya kumwandika kila mgonjwa, siku aliyoanza, alichopewa, kilichompata, hata siku yake ya mwisho. Na kwamba bila kundi la pili lisiloongezewa kitu, madaktari wangaliweza kuwaona wale walioishi muda mrefu wakadhani ni kwa sababu ya dawa.

"Mimi nilimpa mtu mmoja," akasema, "wala sikuandika."

Nilitaka kumwambia kwamba aliyepaswa kuandika ni mimi. Lakini alikuwa amekwisha kusimama mbele ya rafu, akaishusha chupa, akaomba kalamu. Karatasi iliyokuwa imebandikwa juu yake niliiandika mimi zamani, neno moja tu: Sifongo. Akabandika nyingine, akaandika mahali mnyama alipotolewa, tarehe, hali ya maji siku ile, kina kwa kipimo cha mkono, na rangi aliyokuwa nayo kabla ya spiriti kumpausha. Chini yake akaandika: Aina haijajulikana. Karatasi hiyo ndiyo iliyopo hata leo.

Tangu hapo watu waliosikia kwamba nasoma mambo haya huniletea maswali. Bwana mmoja alinijia na unga wa mwani akataka nithibitishe kwamba huyeyusha uvimbe wa kichwa. Mwani huo hulimwa na wanawake wa Kibuyuni, karibu na Shimoni. Huukausha na kuuza, na kutoka humo hutolewa kitu cha kuvipa uzito vyakula vya viwandani. Ni kazi ya heshima yenye malipo madogo, wala sioni kwa nini tuuongezee mwani sifa usizokuwa nazo. Nilimwambia hivyo, akaondoka amechukia. Wengine nao huniuliza kama nimekata tamaa na bahari. Sijakata. Wataalamu bado wanachunguza vitu vingi vya sifongo, vya mwani na vya bakteria wa matope kwa ajili ya saratani za ubongo, na vingi vyavyo huua seli katika sahani. Siku hizi ninapofundisha somo lile, nafika penye sahani nasimama, nachora ubaoni sahani upande mmoja na kichwa cha mtu upande wa pili, na nafasi iliyo kati ya vitu hivyo viwili naiacha iwe pana. Kipindi chote hukaa katika nafasi hiyo.

Kabla ya kwenda chuo kikuu kijana alinialika baharini katika ngalawa ya baba yake. Tulitoka Mkunguni na maji yakianza kupwa, tukavua changu wachache, na saa ya kurudi nikaona mbele yetu ukuta mweupe wa mawimbi yaliyokuwa yakivunjika juu ya mwamba kutoka ncha hata ncha. Sikuona mlango. Nilimwuliza atapita wapi.

Akanionyesha mbuyu ufukoni, na nyuma yake mnazi uliopinda. Vitu viwili hivyo vikiwa mstari mmoja, akasema, mlango uko sawasawa mbele. Baba yake alimfundisha katika ile miezi ya mwisho, walipokuwa wakitoka pamoja siku za maji mafu. Mzee hakuweza tena kusema "mbuyu" wala "mnazi". Maneno hayo yalikuwa yamekwenda. Alikuwa akiunyosha mkono kuelekea mti wa kwanza, kisha wa pili, kisha akaiweka mikono yake miwili pamoja, kiganja juu ya kiganja, na kungoja mpaka mwanawe aone.

"Alinifundisha milango minne," akasema kijana. "Wa tano hatukuwahi."

Mbuyu na mnazi vilikuwa bado mbalimbali. Akasukuma usukani kidogo, tukangoja vikaribiane.